Uzi: Video imeshushwa kwa dai la hakimiliki na kazi ni yako mwenyewe. Pa kuanzia ni hapa

MtiaLahani

Assalaam alaykum jamani. Nafungua uzi huu kwa sababu suala hili linarudi kila mara, na majibu mengi yanayotolewa yanamzidishia mtu matatizo. Kaswida za madrasa, video za harusi, ngoma za skuli, mawaidha: vitu vilivyorekodiwa hapa hapa Unguja na Pemba na wenyewe, kisha vinashushwa au mapato yake yanachukuliwa na mtu asiyehusika. Njia ya kuvirudisha ipo na imeandikwa. Wanaoshindwa wengi wao wanashindwa kwa kuwa wamebisha mlango usiokuwa wao.

Nitaanza na YouTube maana ndiko kwenye kesi nyingi. Kwanza jua umeletewa nini, kwa sababu kuna mambo mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni dai la Content ID. Huu ni mtambo ulioanza 2007. Mwenye kazi anakabidhi faili la mfano, mtambo unatoa alama za sauti na picha zake, halafu unalinganisha na kila video inayopandishwa. Ukikuta mfanano, kinachotokea ni kile alichochagua mdai: mapato yaende kwake, au video ifungwe nchi fulani au zote, au afuatilie takwimu tu. Hapa hakuna straiki, yaani alama ya onyo inayowekewa chaneli. Chaneli yako haijaguswa.

La pili ni ombi la kuondoa video. Hili ni la kisheria, linatumwa na mtu au wakala wake chini ya sheria ya Marekani ya 1998 inayoitwa DMCA (si DCMA, chuo chetu cha muziki). Video inashuka na chaneli inapata straiki. Straiki 3 ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Straiki moja huisha baada ya siku 90 kwa sharti umalize mafunzo ya hakimiliki wanayokupa. Na tafadhali sana: kuifuta video hakuondoi straiki. Unapoteza ushahidi wako na straiki inabaki pale pale.

Kujua umepata lipi, fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, ingia Maudhui, tizama safu ya Vizuizi, peleka kishale juu ya neno Hakimiliki, kisha fungua maelezo. Utaoneshwa jina la mdai, jina la kazi anayodai, kuanzia dakika gani hadi gani, na athari yake. Kisikilize kile kipande. Piga picha ya skrini ya ukurasa mzima kabla hujagusa chochote, kwa sababu dai likiondolewa maelezo nayo huondoka.

Ikiwa ni Content ID na una hakika kazi ni yako, bonyeza kupinga. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaanguka lenyewe. Akishikilia, unakata rufaa, na hapo ana siku 7. Katika hatua ya rufaa anabakiwa na njia mbili tu: aachie, au atume ombi la kuondoa, ambalo ndilo linaloleta straiki. Baadhi ya wadai huchagua ombi la kucheleweshwa siku 7. Ukiifuta rufaa yako ndani ya siku hizo, straiki haiji. Kama video imefungwa kabisa, unaweza kuiruka hatua ya kupinga na kuanzia kwenye rufaa, ili usikae mwezi mzima video haionekani.

Kwa chaneli inayoingiza pesa: ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai liwekwe, mapato yanazuiliwa kuanzia siku ya kwanza ya dai mpaka shauri liishe, kisha anapewa mwenye haki. Ukichelewa, yanazuiliwa kuanzia siku uliyopinga tu. Ya nyuma yamekwenda.

BintiWete

Ahsante Maalim. Tuseme madrasa imerekodi kaswida yake yenyewe kwa simu, dufu na sauti za watoto, hakuna kingine. Dai limekuja na jina la albamu isiyojulikana. Katika kisanduku cha sababu aandikwe nini? Watu wanaandika "hii ni kazi yetu wallahi" na wanakataliwa.

MtiaLahani

Bibie, wanakataliwa kwa sababu anayesoma upande wa pili hana cha kuhakikisha. Mara nyingi ni karani wa kampuni ya usambazaji aliye nchi nyengine, hajui dufu wala Wete. Mpe vitu anavyoweza kuvipima.

Kaswida au wimbo una tabaka tatu, na kila moja ina mwenyewe: shairi, lahani, na rekodi. Shairi linaweza kuwa la zamani lisilo na mwenyewe tena, lahani ikawa ya jadi, lakini rekodi ni ya yule aliyeirekodi. Tizama maelezo ya dai: linahusu rekodi ya sauti au linahusu utunzi? Content ID inaweza kutambua hata lahani peke yake, kwa hiyo kikundi kinachopiga wimbo wa mtunzi aliye hai kinaweza kudaiwa utunzi ingawa sauti ni yao. Dai hilo linaweza kuwa sahihi. Usilipinge kwa kusema "tumeimba wenyewe".

Ikiwa dai ni la rekodi na nyinyi ndio mliorekodi, chagua sababu ya kazi ya asili, halafu andika kwa mpangilio huu:

"Sauti iliyo kati ya 2:14 na 5:40 imerekodiwa moja kwa moja na madrasa yetu, Wete, Pemba, tarehe fulani, kwa simu aina fulani. Wanaosikika ni wanafunzi na wapigaji dufu wa madrasa hiyo hiyo. Haina sehemu yoyote ya rekodi inayoitwa hivi ya msanii huyu. Mashairi ni ya jadi. Faili la asili lenye tarehe tunalo na tuko tayari kulitoa."

Sentensi tano. Hakuna malalamiko, hakuna kutishia. Kisha itieni Kiingereza, kwa sababu msomaji ni wa nje. Jina la rekodi inayodaiwa lazima litajwe kama lilivyo kwenye dai. Ukiliacha, jibu lako linaonekana ni la kunakili.

Fundi_Mitambo_Chake

Niongeze upande wa ushahidi, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Faili la asili ni lile lililotoka kwenye simu au kinasa sauti, halijapita WhatsApp. WhatsApp inaibana video upya na kulibadilisha jina, na taarifa za ndani za tarehe na kifaa zinapotea. Anayetumiwa video kwa WhatsApp kutoka kwa mpigapicha kisha akaipandisha hana faili la asili, ana kivuli chake. Hamisheni kwa waya, kadi, au hifadhi ya mtandaoni isiyobana.

Kwa studio, wekeni mradi mzima: kila chombo na njia yake, dufu peke yake, kinanda peke yake, sauti peke yake. Mtu aliyeiba wimbo uliokwisha changanywa hawezi kutoa ganuni bila ya fidla nyuma yake. Huo ndio ushahidi mzito kuliko yote, na ndio unaofutwa mwanzo pale diski inapojaa.

Kuna jaribio la bure la kujua kama rekodi mbili ni moja. Ziingizeni zote mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya nyengine. Sogezeni klipu hadi pigo la kwanza la dufu lilingane kabisa, kuzeni picha ya sauti mpaka muone sehemu za elfu za sekunde. Halafu nendeni dakika ya tatu bila kusogeza kitu. Ikiwa ni rekodi moja, mapigo bado yatakaa juu ya mwenzake. Ikiwa ni watu wawili tofauti wamepiga mtindo mmoja, mapigo yatakuwa yameachana kwa nusu sekunde au zaidi, kwa sababu hakuna mpiga dufu anayeshika mwendo kama saa. Jihadharini na kitu kimoja: mwizi hubadilisha kasi kidogo, asilimia 2 au 3, ili kuukwepa mtambo. Hapo mapigo yanaachana, lakini pengo linakua kwa kiwango kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Wapigaji tofauti wanaachana ovyo, mara huyu mbele, mara yule.

Picha ya hayo mawili ndani ya skrini moja ihifadhini. Kwenye kisanduku cha kupinga hamwezi kuibandika, lakini mkimwandikia mdai barua pepe moja kwa moja, inamaliza mazungumzo.

KijanaDarajani

Mbona mnazunguka? Kuna arifa ya kukanusha. Unaijaza, wana siku 10 za kukushtaki Marekani, hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya mtu wa Zanzibar. Video inarudi. Basi.

VugaSheria

Ndugu yangu, hilo ni la hatari na linazunguka sana mitandaoni, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Arifa ya kukanusha haitumiki kwenye dai la Content ID. Ni kwa video iliyokwisha kuondolewa kwa ombi la kisheria tu. Hilo la kwanza.

La pili, ni tamko la kisheria. Kifungu cha 512 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinataka liwe na haya: saini yako (kuandika jina kamili kunakubaliwa), kazi iliyoondolewa na kiungo ilipokuwepo, tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba unaamini kwa nia njema iliondolewa kwa makosa au kwa kudhaniwa ni kitu chengine, jina, anwani na simu, na kukubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Kwa aliye nje ya Marekani unakubali mahakama ya pale mtoa huduma anapopatikana, na kwa YouTube maana yake ni California ya Kaskazini. Pia unakubali kupokea hati za kesi kutoka kwa mdai.

La tatu, arifa yote, pamoja na jina na anwani yako, inapelekwa kwa mdai. Mwenye kuhofia mtu huyo kujua anapokaa aipeleke kupitia wakili. Wenye mashaka na anwani zetu za mitaa: andikeni namba ya nyumba na jina la njia kwa mujibu wa mfumo wa anwani za makazi, shehia, wilaya, Zanzibar, Tanzania. Sanduku la posta peke yake ni kujitakia kurudishiwa fomu.

La nne, na hili ndilo kubwa. "Hawatokuja" ni kweli kwa mdai wa uongo, kwa sababu kufungua kesi ya shirikisho kuna ada ya dola 405 na wakili juu yake, na mwongo hataki kuonekana na hakimu. Si kweli kwa kampuni kubwa yenye wimbo wake ulioutia kwenye video ya harusi. Fidia ya kisheria ya Marekani ni kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na inafika 150,000 ikithibitika ulikusudia. Ukishakubali mamlaka ya mahakama na ukasema uongo kwenye tamko, umejifunga mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni hii: arifa ya kukanusha ni ya mwenye ushahidi mkononi. Mwenye kazi ya kweli asiiogope hata kidogo. Itumieni. Sheria inataka mtoa huduma airudishe kazi si kabla ya siku 10 za kazi na si baada ya 14, isipokuwa mdai ameonesha kwamba amefungua kesi. Nasikitika sana kuona kikundi cha vijana kinaacha chaneli yake ife kwa ombi la uongo kwa kuwa neno "mahakama" limewatisha.

Na mdai naye ana mzigo wake. Anayetuma ombi akijua kwamba anasema uongo anawajibika kulipa hasara na gharama za mawakili. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya mama aliyeweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza na wimbo wa Prince ukisikika nyuma, ilisema mdai lazima azingatie matumizi ya haki (fair use, yaani kutumia kazi ya mtu bila idhini pale sheria inaporuhusu) kabla ya kutuma ombi. Na mwaka 2019 YouTube yenyewe ilimshtaki mtu aliyekuwa akituma maombi ya uongo ili kuwakamua pesa wenye chaneli za mchezo wa Minecraft. Yaliisha kwa mtu huyo kukubali kulipa dola 25,000.

KijanaDarajani

Nimefahamu kaka. Na matumizi ya haki ni sekunde ngapi? Wanasema chini ya 30 hakuna tatizo.

VugaSheria

Hakuna idadi ya sekunde. Sheria ya Marekani inapima mambo manne kwa pamoja: unaitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya namna gani, umechukua kiasi gani na sehemu gani, na athari kwenye soko la mwenyewe. Sekunde 10 za kiitikio peke yake chini ya tangazo la duka zinaweza kukuangusha. Dakika 2 ndani ya uchambuzi unaosimamisha wimbo na kuueleza zinaweza kusimama. Na kuandika chini ya video "haki zote ni za mwenyewe, sikukusudia kuvunja hakimiliki" hakukukingi na chochote. Linasomeka kama kukiri kwamba ulijua kazi si yako.

Fundi_Mitambo_Chake

Watu wanauliza mtambo unakoseaje. Niyaeleze ninayoyaona yakijirudia kwenye kazi za huku.

Mdundo wa kununuliwa. Prodyuza ananunua au anapakua vipande vya ngoma na kinanda ambavyo vimeuzwa kwa kila mtu duniani. Anatengeneza wimbo, anaupeleka kwa msambazaji wa muziki, na kwenye fomu kuna kisanduku cha kuingiza Content ID. Anakitia alama. Kuanzia siku hiyo kila aliyetumia kipande kile anadaiwa na yeye. Masharti ya Content ID yanataka faili la mfano liwe na vitu unavyovimiliki peke yako. Maprodyuza wa Unguja, nawaomba kwa dhati: kama wimbo una hata kipande kimoja cha namna hiyo, msikitie alama kisanduku hicho. Mnawaumiza wenzenu bila kujua, na msambazaji akichoka na malalamiko anaweza kuwaondolea huduma.

Taarifa ya habari. Chombo cha mtandaoni kinachukua video ya mwananchi, tuseme ya Mwaka Kogwa Makunduchi, kinaitia kwenye habari, kisha taarifa nzima ya dakika 30 inaingizwa kuwa faili la mfano. Mtambo unamkamata mwananchi aliyeipiga. Hili limewafika hata NASA: Agosti 2012 video yao wenyewe ya kutua kwa chombo cha Curiosity kwenye Mars ilishushwa YouTube kwa dai la shirika la habari lililoitumia. Dawa iko kwa mwenye chombo: kabla ya kuingiza faili, aondoe vipande vyote vilivyotoka kwa watu wengine.

Kazi ya jadi iliyopigwa na wengi. Mwaka 2018 mpiga piano James Rhodes alijirekodi akipiga Bach na kuweka Facebook, akaambiwa sekunde 47 za sauti ni za kampuni ya muziki. Bach amekufa 1750. Kwetu ndiyo hivyo hivyo kwenye kaswida na maulidi: lahani moja, wasomaji elfu, na aliyewahi kusajili anaonekana ndiye mwenyewe.

Ukubwa wa jambo: YouTube katika ripoti yao ya nusu ya kwanza ya 2021 walihesabu madai ya Content ID zaidi ya milioni 722. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1, lakini katika yaliyopingwa, asilimia 60 alishinda aliyepandisha video. Milioni 2.2 ya madai yaliyokosewa, na hayo ni ya wale waliojibu tu.

Maktaba_Mwembetanga

Suali la taarab ya zamani. Kuna mtu amechukua rekodi za santuri, amezisafisha, amezipeleka kwa msambazaji, na sasa anadai kila anayezitumia. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 na akafariki 1950. Si zimeshakuwa za watu wote?

VugaSheria

Tenganisha tena zile tabaka tatu. Mashairi na lahani: Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake, na nchi nyingi zimefika 70. Lakini ni uhai wa mtunzi, na mwimbaji si lazima awe ndiye aliyetunga. Shairi linaweza kuwa la mtu aliyefariki miaka ya 1980. Ulizeni kwanza nani katunga.

Rekodi ndiyo yenye mtego. Sheria ya Marekani ya 2018 inazipa rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 ulinzi wa miaka 100. Kwa hiyo rekodi ya 1928, ukipinga dai YouTube kwa sababu ya "miliki ya umma" kabla ya tarehe 1 Januari 2029, umejiweka pabaya. Hilo halimfanyi yule aliyeisafisha kuwa mwenye haki. Kuondoa mikwaruzo kwenye santuri hakumpi mtu umiliki wa sauti ya Siti. Njia ni kumtaka msambazaji wake aoneshe hati ya umiliki au leseni. Wasambazaji wengi wana anwani ya malalamiko na wanamuuliza mteja wao. Akishindwa, wanaitoa.

Niseme na la nyumbani. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya 2003 na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA. Bara wana sheria yao ya 1999 na ofisi yao, COSOTA. Ikiwa mdai na mdaiwa wote wako hapa, kusajili kazi COSOZA na kuwa na cheti kunasaidia sana kwenye mazungumzo, ingawa haki yenyewe inazaliwa kazi inapotengenezwa, haisubiri usajili. Na mara nyingi dai lililotoka kwa studio ya hapa linaisha kwa simu moja: mdai anaingia Studio yake, sehemu ya Hakimiliki, maombi aliyotuma, anabonyeza kuondoa. Straiki inatoka bila kuhesabu siku yoyote. Anzeni hapo kabla ya kwenda California.

MpigaPicha_Makunduchi

Facebook na Instagram je?

MtiaLahani

Wana mtambo wao, Rights Manager, na wana ombi la kisheria pia. Barua wanayokutumia ina namba ya ripoti, na kwa ombi la kisheria huwa na jina na barua pepe ya mdai. Mwandikieni kwanza huyo, mkitaja namba ya ripoti, kwa heshima. Kama chapisho liliondolewa chini ya DMCA, kwenye tangazo lenyewe mtakuta njia ya kukanusha, na mambo yake ni yale yale aliyoyataja VugaSheria.

Hapo hapo jihadharini na barua za uongo. Ujumbe wa Messenger unaosema "ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 kwa kuvunja hakimiliki, bonyeza hapa" ni wizi wa akaunti. Barua pepe ya hakimiliki yenye faili la kupakua "lenye ushahidi" ni kirusi. Straiki ya kweli inaonekana ukiingia mwenyewe kwenye Studio au kwenye hali ya akaunti ya Facebook. Haionekani huko, haipo.

Maktaba_Mwembetanga

Na kwa wenye blogu za habari: kuna ujanja wa kuondoa makala kwenye matokeo ya Google. Mtu asiyependa habari ananakili makala yako, anaibandika kwenye blogu mpya, anairudisha tarehe nyuma, kisha anatuma ombi kwamba wewe ndiye uliyeiba. Novemba 2023 Google ilifungua kesi California dhidi ya watu waliodaiwa kutengeneza akaunti kwa makumi na kutuma maombi ya uongo dhidi ya zaidi ya anwani 100,000 za tovuti, kwa hiyo si jambo dogo.

Dalili ni kwamba makala ipo kwenye tovuti yako lakini Google haioni hata ukiandika kichwa chake kizima. Ingia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ujumbe utakuwepo. Kisha tafuta anwani ya tovuti yako kwenye Lumen, hifadhi ya maombi iliyoanza 2002, ambako Google hupeleka nakala. Hapo utaona ombi lenyewe na kiungo cha hiyo "makala ya asili". Kipeleke kiungo hicho kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao: ukurasa unaodai ni wa 2019 lakini haujawahi kuhifadhiwa kabla ya mwezi uliopita umejifichua. Tarehe ya kwenye blogu inaandikwa na mwenye blogu. Tarehe ya Wayback haiandikwi na yeye. Kwa hiyo kila makala nzito, siku unayoichapisha, iingize mwenyewe kwenye Wayback Machine. Ni kazi ya dakika moja.

MpigaPicha_Makunduchi

Sisi wapigapicha tuna upande wa pili: picha zetu zinaibiwa kweli. Tutume vipi bila kumkosea mtu?

VugaSheria

Kiungo cha picha yenyewe, si cha ukurasa wala cha chaneli nzima. Hakikisha ni nakala, si kusambazwa kwa chapisho lako mwenyewe: Facebook mtu akibonyeza kushea, kinachoonekana ni chako na jina lako liko juu, hapo hakuna wizi. Angalia kama mwenye harusi, hoteli au tamasha aliyekulipa alipewa ruhusa ya kuitumia, na mkataba unasemaje kuhusu kuwapa wengine. Tizama kama ni uchambuzi au habari. Taja kazi yako ilipotoka mwanzo, na uweke jina lako halisi. Ombi linalosema "chaneli hii inaiba kazi zangu zote" halifai. Ombi lenye viungo saba vilivyokaguliwa kimoja kimoja linafanyiwa kazi. Na kwenye kushitaki Marekani, kazi ya kigeni haihitaji kusajiliwa kule kwanza, ingawa bila ya kusajiliwa mapema zile fidia za kisheria hazipatikani.

BintiWete

Hizo siku 10 za kazi zinahesabiwaje? Ijumaa imo? Na Idi?

VugaSheria

Ni siku za kazi za Marekani. Ijumaa imo, Jumamosi na Jumapili hazimo, Idi haizuii kitu, sikukuu za shirikisho la Marekani hazihesabiwi. Mfano: YouTube imeipeleka arifa yako kwa mdai Jumatatu tarehe 2 Novemba 2026. Unaanza kuhesabu Jumanne tarehe 3. Tarehe 11 ni sikukuu yao ya wanajeshi wastaafu, unairuka. Siku ya kumi inaangukia Jumanne tarehe 17. California wakati huo wako nyuma yetu kwa saa 11, kwa hiyo siku yao inaisha kwetu Jumatano tarehe 18 saa 5 asubuhi. Kabla ya hapo msiwaandikie YouTube kuuliza, na msiipandishe video hiyo hiyo mara ya pili kwenye chaneli nyengine. Hilo la mwisho huleta straiki mpya wakati ile ya kwanza iko njiani kuondoka.